Bakshishi kwa msimbo wa QR: mwongozo kwa wahudumu na wasanii

Mgeni ameridhika, unamwona usoni. Anapapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, anafungua pochi, kisha anakutazama kwa aibu: "Samahani, leo sina keshi." Unamjibu kwamba hakuna shida, naye anaondoka akijilaumu. Nimeyaona haya mara nyingi mno, kwanza nikiwa mhudumu wa mezani, baadaye nikipiga gitaa mahali watu wanapopita. Moyo wa kutoa upo palepale. Kilichopungua ni noti mifukoni, na anayeishi kwa bakshishi ndiye anayeumia kwa mabadiliko ambayo hakuulizwa.

Nimewaandikia wote ambao sehemu ya riziki yao hutoka kwenye shukrani ya mtu: mhudumu wa mgahawa, mbeba mizigo wa hoteli, msafisha vyumba, kinyozi, msusi, dereva, mwongoza watalii, mpiga ala, mwanasarakasi, mchekeshaji, mshereheshaji. Na jambo ninalolishikilia tangu mwanzo ni hili: shukrani ya mteja ina umri mfupi. Tangu anapoguswa na kazi yako hadi anaporudisha simu mfukoni ni sekunde chache, labda nusu dakika. Ukimwambia apakue programu, ajisajili, aandike namba ndefu au akuulize jina, umempunguzia hamu kila hatua. Kwa hiyo kila uamuzi tutakaoufikia hapa chini uupime kwa swali moja: huu unafupisha safari yake au unairefusha?

Kwanza, ujue msimbo ni kitu gani

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika Denso Wave, wakati huo ikiwa idara ya kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Herufi hizo mbili zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jibu la haraka. Ndani ya ile miraba midogo myeusi na myeupe hakuna pesa wala siri yoyote. Mna maandishi tu: anwani ya ukurasa wa intaneti, au maelezo ya malipo yanayoiambia programu ya benki "mpokeaji ni huyu". Simu inasoma maandishi hayo na kufanya kilichoandikwa.

Shika hilo vizuri, kwa sababu maswali mengi yatajijibu yenyewe. Mtu akipiga picha msimbo wako hawezi kukuibia, anaweza kukutumia pesa tu. Lakini mtu akibandika msimbo wake juu ya wako, macho ya binadamu hayawezi kuona tofauti. Tutalirudia hilo.

Hatua ya 1: Amua pesa iingie wapi

Hapa usiharakishe. Mengine yote yanaweza kurekebishwa kwa karatasi mpya, lakini ukichagua njia mbaya ya pesa utaumia kila siku.

Njia ya kwanza ni msimbo wa akaunti yako mwenyewe, ya benki au ya pesa za simu. Mteja anaskani kwa programu anayoitumia kila siku, anaandika kiasi, anaweka namba yake ya siri, imekwisha. Nchi nyingi sasa zina msimbo wa pamoja unaosomwa na programu za benki na mitandao mbalimbali. India ilizindua UPI mwaka 2016, Brazili ikaja na Pix mwaka 2020, Singapore ikaunganisha misimbo yake yote katika SGQR mwaka 2018. Kama nchi uliyopo ina mfumo wa namna hiyo, anza nao, maana makato kwa kawaida ni madogo na pesa inafika papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba mgeni kutoka nje ya nchi mara nyingi hayumo kwenye mfumo huo. Ataskani, simu itamwonyesha mlolongo wa herufi asizozielewa, atakata tamaa.

Njia ya pili ni ukurasa wa malipo. Unajisajili kwenye huduma ya malipo, unapewa kiungo, na kiungo hicho ndicho kinachogeuzwa kuwa msimbo. Mteja akiskani, ukurasa unafunguka, analipa kwa kadi au kwa Apple Pay na Google Pay, yaani kadi iliyohifadhiwa ndani ya simu, bila kupakua chochote. Kwa anayehudumia watalii hii ndiyo njia inayofanya kazi. Lakini soma makato kwa makini, hasa kama yana sehemu mbili: asilimia fulani ya kiasi, na juu yake kiasi kisichobadilika kwa kila muamala. Tuseme makato ni asilimia 3 na nyongeza ya 30. Mteja akitoa 1000, unabaki na 940. Akitoa 100, unabaki na 67. Theluthi nzima imekwenda! Bakshishi nyingi ni ndogo, kwa hiyo ile nyongeza isiyobadilika ndiyo inayokula, na matangazo ya huduma hizi hupenda kutaja asilimia peke yake.

Njia ya tatu ni majukwaa yaliyotengenezwa mahsusi kwa bakshishi, ambayo humpa kila mfanyakazi msimbo wake na kugawa pesa za timu yenyewe. Yanasaidia sehemu yenye wahudumu wengi. Kwa mtu mmoja mwenye gitaa, mara nyingi ni mzigo usio wa lazima.

Kabla ya kuchagua, uliza huduma yoyote maswali haya na usikubali majibu ya kuzungusha. Makato ni kiasi gani kwa muamala mdogo kabisa? Pesa inafika kwangu baada ya muda gani? Kuna kiwango cha chini ambacho naweza kukitoa kwenye akaunti? Kutoa kwenyewe kunakatwa? Akaunti ikifungwa, salio langu linakuwaje? Mimi niliwahi kukaa wiki tatu nikisubiri salio livuke kiwango cha chini ili nilitoe, wakati kodi ya nyumba inanisubiri. Huduma ile haikunificha kitu, ila sikuwa nimeuliza.

Je, uwe na njia zaidi ya moja? Mbili zinatosha: moja ya wenyeji, moja ya kadi. Ukiweka misimbo minne kwenye bango moja, mteja anaanza kusoma, kulinganisha, kufikiri, na zile sekunde zimeyeyuka. Tena kamera inaweza kushika msimbo wa jirani. Kama ni miwili, itenganishe kwa nafasi ya kutosha na uandike juu ya kila mmoja unatumika kwa nini.

Hatua ya 2: Jina litakaloonekana

Mteja akishaskani, skrini itamwonyesha jina la mpokeaji. Kama kifuani umeandikwa jina moja na skrini inaonyesha jingine kabisa, au jina la kampuni asiyoijua, atasita, na kusita kwake ni haki. Andika kwenye kadi jina lilelile litakalotokea kwenye simu: "Ukiskani utaona jina hili."

Kuna upande wa pili ambao watu hawausemi vya kutosha, hasa kwa wanawake. Akaunti nyingi za kawaida hufichua jina kamili, na nyingine namba ya simu. Mhudumu anayebandika namba yake binafsi kwenye meza ishirini amewapa watu mia njia ya kumpigia usiku. Akaunti ya biashara, hata ya biashara ndogo ya mtu mmoja, mara nyingi hukuruhusu kutumia jina la kazi au la kisanii, na mtoaji anaona namba ya biashara badala ya ile ya nyumbani. Kama unaweza kuipata, ichukue hata kama kuna fomu za kujaza. Utapata pia faida ya kutenganisha pesa za kazi na pesa za matumizi tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Tengeneza msimbo, na ukwepe mtego mmoja

Programu nyingi za benki na za pesa za simu zina kitufe cha kutoa msimbo wako wa kupokelea. Utumie huo huo. Chagua usio na kiasi, ili mteja aandike anachotaka.

Mtego uko kwenye tovuti za kutengeneza misimbo bure. Baadhi hazikupi msimbo wenye kiungo chako, zinakupa msimbo wenye kiungo chao, ambacho humpeleka mtu kwao kwanza na kisha kwako. Manufaa yapo: unaweza kubadilisha mwisho wa safari bila kuchapisha upya, na kuhesabu walioskani. Lakini muda wa majaribio ukiisha, au usipolipa ada ya mwezi, msimbo unakufa ukiwa umeshaubandika kila mahali. Kuna mpiga zeze mmoja ninayemfahamu aliyecheza jioni mbili nzima akishangaa kwa nini watu wanaskani na kutikisa kichwa. Namna ya kujua ni rahisi: skani msimbo wako mwenyewe na utazame anwani inayojitokeza kabla hujaifungua. Kama si anwani ya huduma yako ya malipo, jua kuna mtu katikati.

Fupisha kiungo kadiri unavyoweza. Msimbo mdogo kuliko yote una miraba 21 kwa 21, mkubwa kuliko yote una 177 kwa 177, na maandishi yakirefuka ndivyo miraba inavyoongezeka na kusongamana. Msimbo wenye miraba mikubwa michache husomeka kwa mbali na hata kwenye mwanga hafifu.

Kifaa cha kutengenezea kikikuuliza kiwango cha kurekebisha makosa, utaona herufi nne: L, M, Q na H. Zinaeleza sehemu ya msimbo inayoweza kuharibika na bado ukasomeka, takriban asilimia 7, 15, 25 na 30 kwa mfuatano huo. Mahali penye maji, mafuta, vumbi na mikono mingi, chagua Q au H. Ukitaka kuweka picha au nembo katikati, chagua H, na ujue kwamba nembo hiyo tayari imeshatumia sehemu ya akiba hiyo. Mimi nembo siweki.

Hatua ya 4: Chapisha vizuri

Kanuni inayotumika na wachapaji ni kwamba msimbo usomwe kutoka umbali wa takriban mara kumi ya upana wake. Kadi ya mezani inayosomwa kwa sentimita 30 au 40 inahitaji msimbo wa sentimita 3 hadi 4. Msanii ambaye watazamaji wake wamesimama mita 3 mbele yake anahitaji msimbo wa sentimita 30, yaani bango. Nimeona wasanii wazuri sana wakiweka kadi ya ukubwa wa kitambulisho ndani ya sanduku la gitaa, kisha wanalalamika kuwa watu hawatoi. Nani atainama mbele ya umati?

Rangi iwe nyeusi juu ya nyeupe. Msimbo mweupe juu ya nyeusi unapendeza, lakini baadhi ya programu hushindwa kuusoma. Acha ukingo mweupe pande zote, upana wake usipungue miraba minne ya msimbo wenyewe. Mchapaji akiukata ukingo huo ili pambo lienee, umepoteza pesa. Ukilamineti, omba plastiki isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa inarudisha mwanga wa taa na wa jua kwenye kamera. Na usiuzungushe msimbo kwenye kikombe au nguzo nyembamba, ukipinda sana hausomeki.

Kuonyesha msimbo kwenye skrini ya simu yako kunafaa kwa dharura tu. Skrini inazima, mwanga unapungua, na meseji zako binafsi zinachungulia juu.

Hatua ya 5: Maneno ya pembeni

Msimbo mtupu unatia shaka. Andika sentensi chache, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama. Kwa mfano:

"Naitwa Neema, ndiye niliyekuhudumia. Ukipenda kunipa bakshishi, skani hapa. Inanifikia mimi moja kwa moja. Asante."

Maneno mazito hapo ni "inanifikia mimi moja kwa moja". Wateja wengi husita kwa kuwa wanadhani mwenye duka ndiye atakayeichukua, na wana sababu ya kudhani hivyo. Kama ni kweli inakufikia, sema. Kama inagawanywa kwa timu, sema hivyo pia: "Inagawanywa kwa wote wa zamu hii, pamoja na jikoni." Usiandike lisilo kweli, watu huuliza.

Kama ukurasa wako unakuruhusu kupendekeza viwango, weka vitatu na nafasi ya kuandika kiasi kingine. Kidogo kiwe kidogo kweli, mtu asikione kama dharau. Usiweke kiwango kikubwa kikiwa kimeshachaguliwa tayari ili mtu abonyeze kwa haraka. Atakayegundua baadaye hatarudi, na atawasimulia wengine.

Hatua ya 6: Jaribu mpaka mwisho

Kujaribu si kuskani tu na kuona ukurasa umefunguka. Mpe rafiki kiasi kidogo, akutumie kwa simu yake, kwa intaneti yake, kisha wewe uifuatilie pesa hiyo mpaka uitoe mkononi. Hapo ndipo utakapojua makato halisi na muda halisi. Jaribu kwa simu ya bei nafuu yenye kamera hafifu. Jaribu usiku, kwenye mwanga uleule utakaofanyia kazi. Simu nyingi za sasa zinaskani kwa kamera ya kawaida, iPhone zimeweza tangu toleo la mfumo wao liitwalo iOS 11 la mwaka 2017, lakini bado kuna simu zinazohitaji programu, na mwenye simu hiyo atakuuliza wewe. Uwe na jibu.

Wasanii mjaribu pia palipo na umati. Watu wengi wakikusanyika mahali pamoja, mtandao huelemewa, na ukurasa wenye picha nyingi unazunguka tu. Ukurasa mwepesi usio na picha, au msimbo unaofungua programu ya benki moja kwa moja, utakuokoa.

Hatua ya 7: Mahali na wakati

Kila kazi ina dakika yake ya shukrani, na msimbo unatakiwa uwe mbele ya macho dakika hiyo, si kabla wala baada.

Kwa mhudumu wa mezani ni pale bili inapofika. Kadi iwe ndani ya kijitabu cha bili, upande wa pili wa risiti. Ikikaa mezani tangu mteja anaketi, anajiona anadaiwa kabla ya kuhudumiwa. Ukishaweka bili, ondoka. Kusimama ukimtazama mtu akiandika kiasi ni kumdhalilisha yeye na kujidhalilisha wewe.

Kwa kinyozi na msusi, dakika ni pale mteja anapojitazama kwenye kioo na kugeuza kichwa. Basi kadi ikae chini ya kioo hichohicho. Dereva aiweke nyuma ya kiti cha mbele, usawa wa macho ya abiria, maana mtu akishashuka mawazo yake yameshaingia mahali pengine. Mwongoza watalii na mbeba mizigo hawana meza wala ukuta. Wao waiweke nyuma ya kitambulisho cha shingoni: unakigeuza ukiombwa, unakirudisha.

Msafisha vyumba ndiye anayenigusa zaidi. Anafanya kazi nzito kuliko wengi, na mgeni hamwoni. Bakshishi yake siku zote ilikuwa noti iliyoachwa kwenye mto, na noti hizo ndizo zilizopotea kwanza. Kwake kadi yenye jina lake chumbani ni njia ya pekee ya kukutana na mgeni. Lakini vyumba hubadilishana mikono: leo Neema, kesho Asha. Kadi iwe ya mtu, aibebe kwenye toroli lake, aiweke anapomaliza kazi na kuitoa zamu inapobadilika. Vinginevyo mmoja atavuna jasho la mwenzake, na ugomvi wa namna hiyo huharibu idara nzima.

Sasa wasanii. Wa jukwaani na wa barabarani wana tofauti, lakini wote wanajua kwamba pesa iko mwishoni, pale watu wamejaa furaha na bado hawajatawanyika. Usiutaje msimbo mara moja tu ukimaliza, kwa kuwa makofi yakianza hakuna anayesikia. Utaje kabla ya wimbo wa mwisho au kabla ya mchezo mkubwa kuliko yote: "Baada ya huu nitawaaga. Aliyefurahi na angependa kunituza, bango ni hili hapa." Mtu anaskani wimbo ukiendelea, ukurasa unakuwa tayari, na makofi yanapopigwa anabonyeza. Bango liwe usawa wa kifua, sio chini. Ukiweza weka mawili, kulia na kushoto, ili watu wasisongamane. Na ukimaliza kupiga, usianze kufungasha vyombo mara moja. Baki umesimama dakika moja, ukitazama watu na kushukuru. Dakika hiyo ndiyo kazi.

Kofia au kikapu kiendelee kuwepo. Wako wasio na simu janja, wako watoto waliopewa sarafu na mama zao, na wako wanaopenda kutoa kwa mkono. Mwaka 2018 London ilipoanzisha mpango wa kuwawezesha wanamuziki wa mtaani kupokea malipo ya kadi kwa kugusa, huenda wako waliohofu kwamba kukutana ana kwa ana kutapotea. Kwa ninavyoona mimi, hupotea pale tu msanii anapomwachia bango kazi ya kushukuru. Mtu akiinua simu kuonyesha ametuma, mwitikie kwa kichwa kama vile ametia sarafu.

Kwa anayetumbuiza mubashara mtandaoni, kumbuka jambo ambalo husahaulika: mtazamaji anayekuangalia kwa simu hawezi kuiskani skrini ya simu hiyohiyo kwa kamera yake. Msimbo kwenye kona ya video unamfaa anayetazama kwa kompyuta au televisheni. Huyu wa simu mpe kiungo kwenye maelezo au kwenye maoni yaliyobandikwa juu.

Hatua ya 8: Mwajiri na wenzako

Kama umeajiriwa, usibandike msimbo kimya kimya. Omba ruhusa, tena kwa maandishi, na mkubaliane kabla pesa haijaingia: kila mtu na wake, au chungu kimoja? Kikiwa kimoja, nani ameshika akaunti, mgao ni wa saa za kazi au sawa kwa sawa, wa jikoni na waosha vyombo wamo, unafanyika siku gani? Aliyeshika akaunti awaonyeshe wenzake taarifa ya miamala kila mgao. Mimi naona chungu kimoja ni haki zaidi pale kazi inapotegemeana, lakini akaunti yenyewe isiwe ya meneja.

Sheria katika baadhi ya nchi zimeanza kulinda pesa hii. Nchini Marekani, mabadiliko ya mwaka 2018 yanamkataza mwajiri, pamoja na mameneja na wasimamizi, kujichukulia bakshishi za wafanyakazi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inayomtaka mwajiri awafikishie wafanyakazi bakshishi zote anazozisimamia na kuzigawa kwa haki. Ulizia sheria ya mahali unapofanyia kazi, kwenye chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi, kabla hujakubali mgao wowote unaokatwa juu.

Hatua ya 9: Wezi

Wizi wa kwanza ni ule wa stika. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, polisi wa San Antonio na Austin, Texas, walitahadharisha watu baada ya kukuta stika za misimbo ya uongo zimebandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho. Bango lako ni rahisi zaidi kuchezewa kuliko mashine. Kila unapoanza kazi, lipapase kwa kidole kuona kama kuna kitu juu yake, kisha liskani na usome jina. Sekunde kumi tu.

Wa pili ni anayekutaka wewe ndiye uskani. "Nakutumia bakshishi, skani huu msimbo wangu, weka namba yako ya siri uipokee." Kupokea hakuhitaji namba ya siri hata siku moja. Anayekuomba uiweke anataka kuchota pesa kwenye akaunti yako.

Wa tatu ni wa "nimekosea". Pesa nyingi inaingia, kisha mtu anakuja au anapiga simu akilia kwamba amezidisha sifuri, umrudishie. Usimtumie kutoka mfukoni. Huenda ile ya kwanza imelipwa kwa kadi ya wizi, na mwenye kadi akilalamika itaondolewa kwako, nawe utakuwa umeshatoa yako. Tumia kitufe cha kurejesha malipo kwenye huduma yenyewe, au mwelekeze apige simu kwa benki yake. Kama amekosea kweli, njia hiyo itamfikishia haki yake.

Skrini shoti ya malipo si malipo. Kwa bakshishi hili halina uzito sana, kwa sababu hakuna bidhaa unayompa, kwa hiyo usimkague mtu mbele yake. Mshukuru, kisha tazama akaunti yako baadaye.

Hatua ya 10: Hesabu na matengenezo

Mara moja kwa wiki, andika kwenye daftari kiasi kilichoingia, makato, na ulichobaki nacho. Bakshishi ya simu inaacha kumbukumbu, kwa hiyo pesa ya kodi ya mapato itenge mapema. Kumbukumbu hizohizo ndizo utakazomwonyesha anayekukopesha au anayekupangisha, kuthibitisha kwamba una kipato, jambo ambalo noti za kwenye kofia hazikuweza kukufanyia.

Andika pia idadi ya kadi na mabango uliyochapisha na ulikoyaweka. Siku ukibadilisha akaunti, namba ya simu au mahali pa kazi, msimbo wa zamani hautajua. Utaendelea kuwaita watu kwenye akaunti iliyofungwa, au mbaya zaidi, kwenye namba ambayo mtandao umeshampa mtu mwingine. Kabla hujafunga akaunti ya zamani, kusanya kadi na mabango yote, uyahesabu ukilinganisha na daftari, kisha uyachane.